Milima Bila Kukimbia

Baba Furaha,

Kesho alfajiri natakiwa niwe ndani ya gari, na ninaogopa. Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Ulikuwa ukiniambia, "Mwalimu, sema kitu chenyewe, maelezo yatafuata." Kitu chenyewe ni hiki: binti yetu anataka kunipeleka Kisoro. Tutoke hapa kambini Nakivale, tupite Mbarara, tushike barabara ya Kabale, tulale huko, halafu asubuhi tuipande ile milima uliyokuwa ukiizungumzia mpaka chai inapoa. Anasema kuna kona moja huko juu ambapo magari husimama, watu wakashuka na kuziona volkano zimejipanga mpakani.

Ni safari yako. Wewe ndiye uliyeipanga miaka yote ile, ukichora barabara kwa kidole juu ya meza, hapa tutakunywa maji, hapa tutanunua viazi, hapa Mwalimu atataka kushuka. "Siku moja nitakupeleka ukaone milima bila kukimbia." Nami nilikujibu kila mara kwamba kuna mahindi ya kupalilia. Ulijua mahindi yalikwisha kupaliliwa. Ulifuta meza kwa kiganja, kana kwamba barabara ile ingetuchafulia chakula.

Tangu tukuzike mambo mengi yamebadilika. Kuku ametagia kwenye kiti chako na sikuwa na moyo wa kumfukuza. Kabazana, pale wanapopokelewa wakimbizi wapya, imejaa tena. Watu wanafika kutoka upande wetu wa Kongo na magodoro kichwani, wanazungumza kama sisi, wanataja vijiji tunavyovijua. Nilimuuliza bibi mmoja habari za barabara ya Uvira. Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Usiniulize barabara, mama. Mi nilipita mu majani."

Na Furaha anaondoka. Jina lake limetoka, atakwenda kuishi Kanada kabla ya mvua kubwa. Ndiyo sababu safari hii siwezi kuisogeza mbele kama nilivyokusogeza wewe. Alisema, "Mama, mi naenda fasi haina hata kilima. Tuone milima pamoja, mara moja tu." Nikasema ndiyo. Neno likanitoka kabla sijaligeuza.

Jirani yetu Mrundi, Mama Goreti, amecheka mpaka akashika ukuta. "Eh, mwalimu, umekuwa muzungu? Muzungu ndiye anafunga safari kwenda kuangalia mlima. Sie, mlima ndio ulituangalia." Nikacheka naye. Kisha niliingia ndani, nikafumba macho.

Unajua ninachokiona nikifumba macho. Ulikuwa unapandisha lori kwenye kona za mlima wa Ngomo kule kwetu, watu wamejaa juu ya mizigo, na baadhi yetu tulikuwa tumeshuka kupunguza uzito, mimi nikiwa na Furaha mgongoni. Injini ikazimika. Lori likaanza kurudi nyuma, polepole, kama ng'ombe anayekataa kuvuka mto. Ukapaza sauti, "Mti! Tieni mti!" Sijui gogo la kuzuia gurudumu lilifikaje mikononi mwangu. Nilijitupa, nikalisukuma chini ya gurudumu la nyuma, na nilipoinua macho, nje ya barabara hapakuwa na kitu. Hewa tu, na mto kule chini kabisa, mwembamba kama uzi.

Lori lilisimama. Ulinisifu mbele za watu mpaka nikaona haya. Lakini tangu siku ile, gari likipinda kona, mimi hufumba macho. Hata vile vilima vidogo vya kwenda Mbarara, nilipokuwa nakuja kukuona hospitali ya Ruharo, nilivipita gizani. Muhumuza, yule dereva wa Rwekubo, alidhani naomba. Wakati mwingine nilikuwa naomba kweli.

Yeye ndiye atakayetuendesha kesho. Nilimuuliza habari za breki, nikamuuliza tena, akachoka nami. "Nyabo, hiyo njia mimi najua sana. Lami mpaka Kisoro. Wewe kaa, kula upepo." Kula upepo! Upepo wa kule juu ndio hasa ninaouogopa.

Wala si kona peke yake. Naogopa askari wa barabarani karibu na mpaka, wakiuliza, "Mama, unaenda wapi?" nami nijibu kwamba naenda kutazama. Nani ataamini? Mwanamke wa umri wangu, na kitambulisho cha mkimbizi, akaribie mpaka wa kwao katika siku kama hizi eti kutazama. Naogopa kuiona Kongo nyuma ya milima ile nikataka kushuka niende kwa miguu. Na kuna hofu nyingine, ambayo sikuwahi kukuambia hata wewe: kwamba nitaiona na nisisikie chochote.

Leo mchana nilifunga mzigo. Furaha akaja kuuangalia, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja.

"Mama, sufuria ya nini? Kule tutakula hotelini."

Akatoa unga. Akatoa blanketi na panga dogo. Akatoa picha zetu, nilizokuwa nimezishonea ndani ya kitambaa. Alipofika kwenye mbegu za maharage alikaa chini. "Mama! Banaendaka kutalii na mbegu?" Nilitazama vile vitu kwenye mkeka. Naapa kwamba nilikuwa napanga safari ya siku mbili. Mikono ndiyo iliyopanga nyingine.

Akanishika bega. "Tunaenda kutazama, Mama. Hatukimbii." Maneno yako yaleyale, na sidhani kama alijua. Akanibakizia kanga, sweta na dawa za presha.

Nilikuwa nimeamua, Baba Furaha. Nilikuwa nimeshatunga na maneno: ningesema presha imepanda, aende na rafiki zake, aniletee picha kwenye simu. Nilikuwa nangoja tu arudi kutoka kisimani.

Alikuwa ameniomba nimtolee chaja ya simu kwenye mkoba wake. Nilitia mkono. Chini kabisa, chini ya kitana na miwani ya jua aliyoinunulia safari hii, nikagusa kitu kigumu kilichofungwa kwenye nailoni, fundo mara mbili.

Chumvi.

Wewe ndiye uliyemfundisha. Alipokuwa mtoto ulimkaririshia kila mara, kama aya ya Biblia: "Unga watu watakupa. Chumvi beba mwenyewe." Yule aliyenicheka kwa sufuria, yule aliyelelewa hapa na asiyeikumbuka Ngomo kwa sababu aliipita akiwa amelala mgongoni mwangu, naye anakwenda kutazama milima na chumvi ya kukimbilia. Nilikaa kitandani, nikacheka, halafu kicheko kikageuka, unajua kinavyogeuka.

Niliirudisha palepale. Nilikaza fundo. Alipoingia na maji nilimwambia gari lisichelewe.

Bado naogopa, usidhani nimepona. Ninapoandika haya kalamu inateleza kwa jasho. Lakini mtoto ambaye amebeba chumvi anaogopa kama mimi, tena anajificha asinitie hofu, na siwezi kumwacha aipande milima ile peke yake. Kanada ataipanda peke yake. Huko sina la kufanya.

Gogo lako lile la lori liko mlangoni, linazuia mlango usipigwe na upepo, kama ulivyoliweka. Furaha alidhani nitalibeba, akawa tayari kunigombeza. Nitaliacha. Tulipotoka kwetu hatukuacha kitu cha kuushika mlango, kwa sababu tulijua hatutarudi. Safari hii mlango una mshikaji wake, na Mama Goreti ataangalia kuku.

Basi pumzika, dereva wangu. Nakuahidi hili moja: pale kwenye kona, gari likisimama, nitashuka na nitafumbua macho. Kukiwa na ukungu nitasubiri uondoke, hata Muhumuza akipiga honi. Nitamshika Furaha mkono, au yeye atanishika wangu. Kisha nitarudi, nije pale ulipolala, nikuambie milima ikoje mtu akiwa amesimama.

Mkeo,
Mwalimu