Kibali Nilichompa Mama Yako

Moshono,
Arusha.
19 Mei 2024

Mpendwa kaka Luqman,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Muscat na joto lake? Shemeji Naima na Nasri wazima? Sisi tunapumua, alhamdulillahi, ila tangu tumzike mama yako nyumba imepooza. Baba yako hali chakula mpaka asimamiwe.

Mvua haijakoma, na kipindupindu nacho ndiyo wiki ya sita. Uwanja wa hospitali umejaa mahema. Watu wanaletwa na bodaboda kutoka Sombetini, macho yameingia ndani. Mganga mfawidhi ni mimi, kwa hiyo kila kifo kinapita mezani kwangu.

Kaka, siku ile kwenye simu ulinishukuru kwa kumuuguza mama. Nilikata, nikasingizia mtandao. Nyumbani wamekuambia kilichomuua ni presha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sitaki uje uyasikie kwa majirani.

Amri niliitoa mwenyewe: maiti wa kipindupindu haoshwi na ndugu, anaoshwa na watu wa afya kwa klorini. Asubuhi moja Lemayian, mfugaji wa Ngaramtoni, aliniomba akamwandae marehemu baba yake bomani kwao. Nilimkatalia, na alipopandisha sauti nikaita askari. Mchana wa siku hiyohiyo shangazi, mama yako, akaingia ofisini na sanda mkononi. Bi Zakia, jirani yake wa miaka thelathini, alikuwa amefariki. Unamjua mama yako, nusu ya marehemu wanawake wa mtaa ule kawaosha yeye.

"Rukaiya, mimi ndiye niliyekuogesha mpaka ukatimiza siku arobaini. Leo unanifungia mlango nisimwoshe mwenzangu?"

Mimi ninayewaamuru madaktari kumi na wawili nikawa mtoto. Nikagonga mhuri kwenye kibali, nikampa glavu na buti. Glavu alizivua. Alisema hawezi kumuaga mwenzake kwa mikono ya mpira.

Siku ya pili yeye mwenyewe akaletwa hemani. Tulimtundikia dripu mpaka mishipa ikapotea, na kesho yake adhuhuri akatutoka. Hakuna mwanamke aliyethubutu kumgusa. Nilimwosha mimi, glavu mbilimbili, nikilia ndani ya barakoa.

Nilikwenda Ngaramtoni kumwomba Lemayian radhi. Alinipa chai, akanisikiliza, kisha akaondoka kwenda kwa ng'ombe wake. Nilistahili.

Jana amekuja bibi mmoja na sanda ya bintiye, akanipigia magoti. Nimemkatalia. Amenilaani mbele ya wauguzi, na bado sikulegea. Sasa najua kukataa, Luqman. Nimejifunzia kwa mama yako.

Msalimie sana shemeji, na Nasri mbusu kwa niaba yangu. Baba yako anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mwenyezi Mungu amrehemu mama, akupe subira, na akujaalie moyo wa kunisamehe. Ukishindwa, sitakulaumu.

Dada yako akupendaye, kama bado unakubali niitwe hivyo,
Rukaiya