Kabla Hujaona Sehemu ya Mwisho

Mdogo wangu,

Mama anatembea tena bila fimbo, na sebule tumeipaka rangi, isipokuwa pale ilipokuwa televisheni. Tangu mume wangu ahamie kwako akaibeba, ile tamthilia yetu ya mauaji naitazama kwa jirani yetu msusi. Kelele tupu! Msusi anaapa muuaji ni daktari. Mama kang'ang'ania kuwa ni mlinzi wa geti. Wewe nasikia bado umemkalia kooni mwanasheria, na Jumamosi umealika watu mtazame mwisho pamoja.

Nilisahau kukwambia, nimepata kazi. Nawashonea nguo waigizaji wa tamthilia hiyohiyo, na sehemu ya mwisho imerekodiwa mbele ya macho yangu.

Nakumbuka ulivyokuwa ukiziba masikio mtu akitaka kukudokezea kidogo tu. Leo ziba na macho. Mwanasheria wa watu hana kosa lolote. Muuaji ni yule binti mpole aliyelia kuliko wote msibani, na anayempeleka polisi ni dada yake wa tumbo moja. Wakijua nimetoboa siri, kazi sina. Potelea mbali! Gauni analovaa dada siku hiyo nimelishona mimi. Nililijaribu kwanza, likanikaa barabara.

Nisalimie shemeji. Zamani wewe ndiye uliyemwita hivyo. Sasa ni zamu yangu.

Ni mimi dada yako,
wa tumbo moja.