Kiatu cha Kushoto cha Kulwa

Jumatatu, 6 Machi 1995
Natangaza rasmi, mbele ya nyundo, gundi na misumari: kiatu cha kushoto cha mke wangu kimekataa kuingia. Kulwa anasema nilikipunguza nilipobadilisha soli. Miaka kumi na miwili nashona viatu hapa Pasiansi, sijapunguza kiatu cha mtu. Nimekilowesha, nimekipanua. Yaishe.

Alhamisi, 9 Machi
Hakijaingia. Nikakivisha kwenye kalibu, ule mguu wa mti niliouchonga kwa kipimo chake tulipooana. Kimeingia, nafasi ikabaki. Kiatu hakina kosa. Ushindi huu sikuufurahia.

Jumamosi, 11 Machi
Mama mkwe kaja kutoka Usagara. Kaitikia shikamoo yangu huku anamtazama bintiye. Mashavu yamejaa, mimba ya kwanza imemkubali. "Mkwe wangu, unamtunza." Nikajivuna hadi jioni. Kisha nikambonyeza Kulwa muundini. Kidole kikaacha shimo. Ngozi ya ng'ombe iliyolowa hufanya hivyo. Ya mtu sijawahi kuona.

Jumapili, 12 Machi
Kichwa kinamuuma. Tukitoka misa kasema anaona vimulimuli. Saa sita mchana. Naogopa.

Jumatatu, 13 Machi
Nimempeleka hospitali. Presha juu. Mkojo una protini. Kalazwa. Daktari kataja kifafa cha mimba. Mama mkwe kasikia neno moja tu. "Kwetu hakuna kifafa," akasema, akanitazama mimi.

Daktari kaeleza taratibu. Kondo la nyuma linamwaga kitu kwenye damu, kama ujumbe. Kikizifikia seli zilizotanda ndani ya mishipa, zinaharibika: mishipa inabana, maji yanavuja. Nimeelewa. Mishipa ina bitana ya ndani kama kiatu, na bitana ikiharibika kiatu kizima kinakuumiza. Nikauliza kitu hicho kinaitwaje. Kasema bado kinatafutwa.

Dawa ni kumzalisha kabla ya siku zake. Naweza kumpoteza mmoja. Naweza kuwapoteza wote.

Jumanne, 14 Machi
Wanashusha presha kwanza. Nimefungua kitabu cha biolojia alichosahau mwanachuo wa Butimba pamoja na raba yake. Kinasema damu hubeba chakula na hewa. Ujumbe mbaya hakiutaji. Soli moja nimeishona mara tatu. Hata mwanafunzi angeishona vizuri zaidi.

Jumatano, 15 Machi
Wamempasua asubuhi. Mtoto wa kike. Angeenea kwenye boksi la viatu. Analia, lakini. Kondo limetoka. Kulwa hajaamka. Nesi alipogeuka nikabonyeza muundi. Shimo lile lile.

Alhamisi, 16 Machi
Kaamka. Kaomba maji. Mama mkwe kalia, mimi nikaenda kutazama ukuta.

Ijumaa, 24 Machi
Mvua tangu alfajiri. Wamerudi nyumbani. Mtoto ananyonya. Nimebonyeza muundi wa mama yake, ngozi imerudi palepale. Kavaa viatu, akapiga hatua mbili, akanitazama.

"Fundi gani wewe?"

Cha kushoto kinampwaya. Nilikipanua.