Kinanda Tulichochagua Dora

Burj Hammud,
13 Machi 2022

Mpendwa Kaka Nazaret,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Marseille, na kwamba kile kikohozi kimekwisha. Sisi hatujambo, ila goti la Shangazi Azniv humsumbua umeme unapokatika na kumlazimu kupanda ngazi, yaani kila siku. Mbele ya picha ya Mama nimeapa kukueleza yote bila kupunguza. Ndiyo maana nimempa binamu Sevan karatasi hii akuletee: nikikupigia simu, Shangazi huiweka kwenye spika.

Unajua kinanda cha kanisa kiliingiwa na maji ya mvua. Padri Ghevont alitangaza kwamba hakitengenezeki, wazee wakakubali kununua cha umeme, chenye sauti ya kinanda cha kanisa kwa ibada na ya piano kwa mazoezi ya kwaya. Baba, kwa kuwa ndiye mpigaji, akapewa kazi ya kukichagua. Bwana Hrant wa kwaya alinong'ona nyuma yake kwamba siku hizi Baba anapiga kama anayefukuza paka, na kwamba mpwa wake yeye Hrant, aliyerudi kutoka Yerevan, angefaa zaidi kukaa kwenye kinanda. Baba hakugeuka. Nilidhani amempuuza.

Tukaenda Dora, dukani kwa Bwana Munir. Yule mtu ana maneno! "Ustadhi, hiki kikilia harusini, hata mama mkwe anacheza!" Baba akamwambia anatafuta cha kuwazikia watu, si cha kuwaozeshea. Bwana Munir akajibu kwamba afadhali, wateja wa namna hiyo hawarudi kulalamika.

Sauti ya piano ya kinanda cha kwanza ililia kama sufuria. Cha pili vibao vyake vilikuwa vyepesi kama vya kuchezea watoto. Kila mara Baba alinigeukia: "Wewe wasemaje, Shoghig?" Nilifurahi kuulizwa kama mtu mzima. Cha tatu kilikuwa na vibao vizito, na nilipobonyeza noti ya chini, sauti ilipanda polepole, kama pumzi inayojaza bomba. Baba akakaa, akafumba macho, akapiga ule wimbo wa marehemu aliompigia Mama.

Kaka, wimbo ulikuwa umepinda. Unavijua vile vitufe vya vinanda vya huku, vya kushusha noti kidogo ili nyimbo za Kiarabu zikae sawa. Bila shaka mpigaji wa harusini alikuwa amekijaribu kabla yetu, na taa nyekundu za vitufe viwili zilikuwa bado zinawaka. Nilisubiri Baba aache, acheke. Alipiga mpaka mwisho, mashavu yamelowa, akasema, "Hiki ndicho. Hiki kina roho."

Bwana Munir alinitazama, mzaha umemtoka usoni. Akanyoosha mkono, akazima zile taa, akamwomba Baba arudie. Sasa wimbo ukatoka safi. Akamuuliza kwa upole kama ameona tofauti.

"Tofauti gani?" Baba akasema. "Si ni uleule?"

Baba hasikii vizuri tena, Kaka. Sijamwambia mtu.

Kinanda kiko kanisani sasa. Mimi hutangulia kufika, nikahakikisha taa zile zimezimwa, kisha nakaa kando yake. Lakini hii ni Kwaresima, pazia la madhabahu limefungwa mpaka Pasaka, Baba hamwoni padri, inabidi amfuate kwa masikio tu. Leo padri alimaliza sala, kanisa likanyamaza, Baba akabaki ameinamisha kichwa, anangoja. Bwana Hrant akaanza kutabasamu. Nikamgusa Baba kiwiko, akaanza kupiga. Hakuniuliza kwa nini nimemgusa. Alisogea tu kwenye benchi, akaniachia nafasi zaidi. Tulipofika nyumbani alianza kunifundisha mkono wa kushoto. Anasema nina masikio ya Mama.

Shangazi anakusalimu sana, anasema uvae skafu. Baba naye anakusalimu. Sevan akirudi, tafadhali mpe jibu lako, kwa sababu kila baada ya ibada Baba huniuliza swali moja, na mpaka leo nimeweza kumjibu bila kusema uongo. Siku tutakapokosea, akiniuliza tena kama tumesikika vizuri, nimwambie nini?

Mdogo wako akupendaye,
Shoghig