Watoto Sitini na Watatu

Jumatatu, 5 Januari

Imla, hesabu, ukaguzi wa kucha. Joto. Watoto sitini na watatu, hakuna aliyekosa. Hii ndiyo wiki yetu ya mwisho bandani. Jumatatu ijayo tunahamia jengo jipya upande wa pili wa uwanja.

Saa ya mapumziko nilikwenda kulitazama tena. Matofali ya saruji. Madirisha ya vioo. Bomba la maji, vyoo vya kuvuta. Nikapapasa ukuta kama mshamba. Miaka minane nafundisha hapa Temeke chini ya makuti, sasa nitakuwa na mlango wenye ufunguo.

Nimefurahi. Halafu wakati nasahihisha madaftari huzuni ikanishika. Kati ya darasa langu na la Mwalimu Saidi kuna ukuta wa fito unaonifika kifuani tu. Akiuliza saba mara nane, watoto wangu ndio hujibu. Nilikuwa nakasirika. Leo niliweka kalamu chini nikawasikiliza.

Alhamisi, 8 Januari

Mwalimu Mkuu kaniita ofisini. Darasa langu jipya lina madawati ishirini, ya watoto wawili wawili. Wakubwa hawataki msongamano katika jengo jipya. Nichague arobaini kwa alama za mtihani. Ishirini na watatu watahamishiwa shule nyingine, ng'ambo ya barabara kuu wanakopita malori.

Wana miaka minane, tisa.

Nikajibu, "Sawa, Mwalimu." Basi. Najichukia.

Orodha nimeiandika kabla ya magharibi. Aliyekuwa wa arobaini na moja ni Zuhura. Kakosa kwa alama moja.

Ijumaa, 9 Januari

Orodha imebandikwa. Waliochaguliwa hawakushangilia. Walikuwa wakiwatazama wenzao.

Jumamosi, 10 Januari

Kazi ya kujitolea, kubomoa banda. Balozi wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango tangu alfajiri. Hapo patalimwa shamba la shule, mihogo.

Nilidhani sitajali. Makuti yakashushwa, akina mama wakayagawana kwa kuni. Nguzo moja ilikuwa na majina yamechongwa kwa wembe, ya watoto niliowachapa kwa kosa hilohilo. Mmoja, aliyeanza shule akiwa mkubwa, sasa ni karani bandarini. Nilikumbuka mwaka tulioanza, Uhuru bado mbichi, hatuna hata ubao. Mwalimu Saidi alikuja na mlango wa nyumba yake begani, akaupaka masizi, tukaandika juu yake. Mkewe akalala siku nyingi nyuma ya pazia.

Mwalimu Saidi hahamii. Hana cheti. Amepewa barua ya shukrani, anarudi kwao Rufiji. Alitoa misumari kwenye fito mmoja mmoja, akainyoosha kwa jiwe, akaitia mfukoni.

Kisha bibi yake Zuhura akanifuata. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mchanga wa jengo lile nimeubeba kwa kichwa hiki. Mbona mjukuu wangu hana pa kukaa?"

"Bibi, madawati hayatoshi."

"Na hapa kwenye banda alikuwa anakalia dawati?"

Alikuwa anakalia mkeka. Wote walikuwa wanakalia mkeka.

Jumapili, 11 Januari

Kanisani sikusikia neno. Baada ya misa nilipita nyumba kwa nyumba, jua la utosi, nikiomba mikeka na kuwaambia watoto wote waje kesho. Nimepata kumi na miwili. Bibi yake Zuhura katoa miwili, mmoja mpya, wa ukili wa rangi. Naogopa sana.

Jumatatu, 12 Januari

Nilifika kabla ya kengele. Mimi na mama watatu tulitoa madawati yote, tukayapanga barazani. Mikeka chini. Watoto sitini na watatu wakaingia wamevua viatu, wenye viatu. Sakafu ya saruji iliwashangaza kwa ubaridi wake. Walinong'ona kama wako msikitini.

Saa nne wageni wa ufunguzi wakafika. Bwana mmoja wa suti aliyatazama madawati nje, akachungulia ndani. Mwalimu Mkuu jasho lilimtoka.

"Anastazia, umeniaibisha mbele za watu!"

"Nimekosa, Mwalimu. Lakini sipunguzi mtoto."

Sijui ile sauti ilitoka wapi. Natakiwa niandike barua ya kujieleza.

Jumatano, 14 Januari

Barua nimeiandika. Mistari minne. Nimeichana mara tatu kwanza. Wanasema nitapelekwa mbali. Nimekunja nguo zangu mbili nzuri, nikazikunjua.

Ijumaa, 16 Januari

Wakubwa wameamua. Madawati yarudi ndani. Arobaini asubuhi, ishirini na watatu alasiri, mpaka darasa jingine lijengwe. Mwalimu wa alasiri hakuna. Wakanitazama mie. Nikakubali kabla hawajamaliza kusema. Onyo limeandikwa kwenye jalada langu. Haidhuru.

Mwalimu Saidi kaondoka leo. Nilikuwa darasani, sikumuaga. Kuta hizi nene, hata alipopita dirishani akiita sikumsikia. Watoto waliokuwa uwanjani ndio walioniambia, amekwisha kwenda. Nimelia chooni, kwenye choo kipya, nikavuta maji ili wasinisikie.

Ijumaa, 23 Januari

Sauti imekauka. Vipindi vya asubuhi nilivimaliza kwa shida. Alasiri ilipoingia sikuweza kutamka neno. Nikaandika ubaoni: Leo mwalimu hana sauti. Someni wenyewe.

Wakatazamana. Zuhura akasimama, akasoma sentensi ile kwa herufi moja moja, mpaka mwisho. Akakaa. Wengine wakafungua vitabu. Nikavuta kiti karibu na dirisha. Nje kulikuwa na upepo, akina mama wanapanda vipande vya mihogo. Nilikaa nikiwasikiliza watoto mpaka kengele ya kuondoka.