Jiwe la Kitanga na ubishi wetu

Baba Neema wangu,

Majibu ya jiwe yametoka. Nimeona nikwambie wewe kwanza, maana ubishi ulikuwa wetu wawili, wengine walikuwa wasikilizaji tu.

Unakumbuka siku uliyokuja kwetu Kitanga kujitambulisha? Wazee wamekaa, wewe na suti ya kuazima, mara ukaliona lile jiwe jeusi uani ambalo mama alizoea kuweka juu yake mbegu za maharage zibarikiwe kabla ya kupanda. Ukatoa sumaku mfukoni. Mwalimu wa fizikia kaja kuposa na sumaku. Mama akaninong'oneza, "Mkwe gani huyu, anagongagonga jiwe la wazee kama anachagua chungu sokoni?" Sumaku ikanata, nawe ukasahau kilichokuleta. "Hiki ni kimondo, mama. Kilianguka kutoka angani, kama kile cha Mbozi." Nilitamani ardhi inimeze.

Tukaoana, ubishi ukahamia nyumbani kwetu Kasulu. Wewe ulishikilia kwamba wazee wa zamani waliyaheshimu mawe kama lile kwa sababu waliyaona yakianguka na moto. Mimi nikasema Buha, nchi yetu Waha, imejaa mawe yenye chuma, mababu zetu walifua majembe kwayo, na jiwe halilazimiki kutoka mbinguni ndipo liheshimiwe. Ukaniita mbishi. Mboga ngapi ziliungua jikoni kwa sababu yako.

Tangu tulipokuzika, nyumba imepoa. Neema yuko Kibondo na wanawe. Akipiga simu anauliza tu kama nimekula. Nimekukumbuka, Baba Neema, hasa jioni nikisonga ugali wa mtu mmoja.

Kwa hiyo watafiti walipokuja kuomba kipande cha jiwe, kaka zangu wakasita, mimi ndiye niliyewabembeleza wakubali. Nilitaka upate jibu lako. Jana binti mmoja wa wale watafiti alirudi, akakaa mkekani, akasema kwa adabu, "Mama, ni jiwe la hapahapa. Lina chuma kingi, ila si kimondo."

Basi nimeshinda. Miaka yote ile nilijiandalia maneno ya kukucheka siku hiyo, na sikuwa na wa kumwambia. Badala yake nikajikuta namjibu yule binti, sauti imepanda kabisa: "Mwalimu alikuwa na sababu zake. Sumaku ilinata, mimi nilikuwepo. Rudini mkapime tena."

Wewe pumzika. Upande wako nimeushika mimi.

Mkeo,
Mama Neema