Yatima Mwenye Mama

Ribeira Brava, 12 Januari 1993

Dada Firmina,

Salamu nyingi zikufikie huko Rotterdam, kutoka kwangu na kwa Mama. Sisi hatujambo, ila Mama magoti yanamsumbua tangu upepo wa Desemba uanze, na anakulaumu wewe: anasema dawa ile ya kuchua uliyomletea mwaka juzi ilimzoesha raha kisha ikaisha. Mvua zimetupita tena. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika gotini. Na wewe mgongo unaendeleaje na kazi hiyo ya kupiga deki ofisi za watu?

Leo nina ombi. Kituo chetu cha watoto kimefikisha miaka miwili katika lile ghala la zamani la parokia. Tuna watoto kumi na wanne: wengine hawasikii, wengine miguu haiwabebi. Vifaa vyangu ni mikono yangu na vyuma viwili vya kushikia ambavyo fundi ametuungia kwa mabomba ya maji. Ninyi watu wa visiwa hivi mko wengi huko. Ongea na wenzako wa chama, watuchangie chochote: magongo, viatu, mablanketi, kiti cha magurudumu kama kipo.

Nimekuwekea picha. Huyo wa mbele mwenye utepe ni Ivanilda, ana miaka saba, alizaliwa na miguu iliyopinda. Mama yake, Bibia, huuza jibini ya mbuzi, na kila asubuhi humbeba mgongoni kutoka Cachaço, kule mlimani, hadi hapa na kikapu kichwani. Picha hii ni yako, iweke kwenye rafu yako uwe unawaona.

Mdogo wako,
Otília


Rotterdam, 9 Februari 1993

Mdogo wangu Otília,

Nimeipata barua yako, nimefurahi kusikia mnapumua. Mimi mgongo ni ule ule, na theluji imetufungia mlango siku tatu. Mwambie Mama dawa inakuja, aache kunisema.

Hilo jambo lako nimelibeba. Nilisimama kwenye ukumbi wa chama baada ya misa nikaeleza. Wakasikiliza vizuri sana, kisha wakageukia kahawa. Wewe unajua watu wetu: kila mmoja ana pipa lake la kujaza kwa ajili ya ndugu zake. Mmoja akaniambia, "Firmina, mimi peke yangu nina watoto sita kule. Ukitafuta kituo cha watoto, anzia kwangu." Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka ili nisilie. Wiki nzima nilipata blanketi moja lenye tundu la moto na viatu vya kuchezea dansi.

Basi nikaamua kutumia akili. Nikaipeleka picha ya huyo mtoto dukani wakaikuza. Nikachapisha karatasi nyingi, nikazibandika kanisani, ukumbini na kwenye maduka yetu, na chini ya picha nikaweka maneno mawili matatu ya kulainisha mioyo. Otília, sasa sebule yangu haipitiki. Natambuka magunia ya nguo ili nifike kitandani. Hata Bi Zulmira, mwenyekiti wetu, ambaye mwaka mzima alikuwa akinisalimia kwa kidevu, amenikumbatia mbele ya watu.

Kazi inaendelea. Mbusu Mama.

Dada yako,
Firmina


Ribeira Brava, 3 Machi 1993

Dada Firmina,

Hujambo dada? Sisi tupo, Mama anakusalimu na anaulizia dawa.

Nashukuru kwa jitihada zako, Mungu akulipe. Lakini maneno gani hayo mawili matatu? Picha ile niliituma ikae kwenye rafu yako. Bibia hakuniruhusu kuitembeza, kwa sababu sikumwomba ruhusa hiyo. Tafadhali niandikie yalivyo, neno kwa neno.

Habari njema ninayo. Alhamisi iliyopita Ivanilda alishika vyuma akapiga hatua nne. Bibia alikuwa mlangoni. Alitua kikapu akakaa chini, na siku hiyo hakuuza jibini hata moja. Alikaa tu anamtazama. Yule nesi anayekuja kutoka kisiwa cha São Vicente anasema tusiruke hata siku moja ya mazoezi, maana miguu ile ikiachwa hukaza upya.

Nasubiri jibu lako.

Mdogo wako,
Otília


Rotterdam, 18 Aprili 1993

Otília wangu,

Natumaini mu wazima. Mimi sijambo, nimechoka tu.

Mapipa kumi na moja yamepanda meli jana! Nguo, viatu, sahani, vikombe, magongo jozi tano, na kiti cha magurudumu ambacho hospitali moja ilikuwa inakitupa kwa kukwaruzika. Tulifanya karamu ya kuyaaga: kachupa yetu ya mahindi na maharage sufuria tatu, watu wamejaa hadi nje. Wanawake wa chama ndio waliofunga vyombo, mimi nilikuwa nikiandika majina tu.

Hatua nne za mtoto zimenifurahisha sana. Hayo maneno ya kwenye karatasi ni ya kuombea tu, yasikuumize kichwa.

Dada yako,
Firmina


Ribeira Brava, 6 Juni 1993

Dada Firmina,

Salamu. Mama hajambo. Mimi siwezi kusema sijambo.

Mapipa yalifika Jumatatu. Tuliwaita mama wote, tukayafungua uani. Kulikuwa na furaha, dada, sitakuficha. Watu walikuwa wakivaa makoti juani na kuchekana. Bibia alipewa pipa la vyombo. Akawa anafungua kikombe kimoja kimoja, na kila kikombe kimezungushiwa karatasi. Ya tatu au ya nne aliinyoosha kwenye paja akamwona mwanawe.

Alicheka. Alifurahi, alidhani ni zawadi. Hajui kusoma, kwa hiyo akampa Marculina, mama wa mtoto wetu mmoja bubu, amsomee. Marculina naye akasoma kwa sauti kabla ya kufikiri. Wewe unayajua maneno yako, lakini na uyaone kwa mkono wangu: "Ivanilda wa Ribeira Brava, miaka saba, kiwete na yatima. Baba hajulikani, mama amefariki. Hana mtu ila wewe."

Bibia aliichukua ile karatasi, akaikunja mara nne. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza bei: "Otília, mimi nimekufa lini?"

Akasema, "Miaka saba namshusha mlima ule na kumpandisha. Na ninyi mmenizika ili mpate vikombe."

Alimweka mtoto mgongoni akaondoka. Hajarudi. Na Ivanilda ana masikio, dada. Waliokutana nao wanasema njiani alikuwa akimuuliza mama yake kama kweli amekufa. Mama wengine watano wamerudisha walichopewa. Kiti cha magurudumu kipo ghalani, hakuna anayetaka kukisogelea.

Nilikuandikia kwa mkono wangu mwenyewe kwamba ana mama. Nieleze.

Otília


Ribeira Brava, 20 Julai 1993

Dada,

Wiki sita sasa tangu nikuandikie. Nimepanda Cachaço mara tatu. Mara mbili Bibia hakunifungulia. Mara ya tatu mlango ulikuwa wazi nikamwona Ivanilda anatambaa sakafuni, amerudi kutambaa kama alivyokuwa nilipompokea. Mama ameacha kuulizia dawa. Anaulizia barua.

Otília


Rotterdam, 15 Agosti 1993

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na Mama namsalimu kwa kupiga magoti. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Leo naiandika hadi mwisho.

Nilijua ana mama. Barua yako ilikuwa mezani nilipoandika yale maneno. Nilijiambia watu wetu kila mmoja ana mama maskini aliyemwacha kisiwani, mama maskini hamshtui mtu. Yatima humshtua. Nikaandika. Na ilipofanya kazi, Otília, nilijiona mwerevu.

Lakini hujasikia yote. Machi, karatasi ikiwa bado ukutani, alinijia mwanamume mmoja ukumbini, baharia, jina lake Adelino. Sikumjua, mimi niliondoka huko wakati nyie mngali wasichana. Alikuwa ameshika kofia. Akaniuliza, "Huyu mtoto, mama yake alikufa lini?" Nilidhani ni mchangiaji tu, na watu walikuwa wakisikiliza. Ningesema ukweli pale, ningeaibika kidogo tu. Nikasema, "Mwaka jana." Akauliza, "Kwa ugonjwa gani?" Nikasema, "Homa."

Alishukuru akaenda. Jumapili iliyofuata nikamwona kanisani amejifunga kitambaa cheusi cha msiba mkononi. Padri akasoma majina ya marehemu waliolipiwa misa ya kuombewa, na mojawapo lilikuwa Bibia wa Cachaço. Ndipo nilipoelewa huyo ni nani. Nilipiga magoti na wengine, nikamwombea mtu aliye hai apumzike kwa amani. Hilo nimelibeba tangu Machi, ndiyo maana sikukujibu kuhusu maneno. Na ulipoandika juu ya vikombe, sikuwa na mkono wa kuandikia.

Niambie nifanye nini.

Firmina


Ribeira Brava, 9 Septemba 1993

Dada,

Nimeisoma. Nilitoka nje nikazunguka kanisa mara mbili kabla ya kukaa niandike.

Adelino aliondoka Bibia akiwa na mimba. Alituma nguo za mtoto mara mbili, kisha kimya. Habari za miguu Bibia hakumwambia kamwe, aliogopa atasema mtoto si wake. Kwa hiyo karatasi yako imemwambia mtu huyo mambo mawili kwa siku moja, moja la kweli na moja la uongo.

Unauliza ufanye nini, na wewe ndiwe mkubwa. Ulisimama ukumbini kuomba. Simama pale pale ufufue uliyemuua. Usimtume Bi Zulmira, wala usibandike karatasi.

Mimi nitapanda Cachaço kumwambia Bibia yote, hata hiyo misa. Amesemwa vya kutosha bila yeye kuwepo.

Otília


Rotterdam, 4 Oktoba 1993

Otília,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Nimefanya.

Ilikuwa jana, baada ya misa, ukumbi umejaa. Adelino alikuwa karibu na dirisha, bado ana kile kitambaa. Niliomba wanyamaze. Nilikuwa nimeyapanga maneno mazuri, yakanipotea yote. Nikasema tu: "Ivanilda si yatima. Mama yake anaitwa Bibia, yu hai, anauza jibini. Mimi nilijua na niliwadanganya."

Zikazuka kelele. Mmoja akasema ametoa koti la marehemu mumewe kwa ajili ya uongo. Mwingine, yule wa watoto sita, akasema, "Jamani, sasa kwani koti limepelekwa pabaya? Mtoto si kiwete kweli?" Bi Zulmira akamjibu kwamba hilo si swali, swali ni nani sasa atatuamini tukiomba tena. Na ana haki. Wamenivua kazi zote za chama. Wanawake niliofanya nao kazi ya mapipa walitoka wakinipita kama nguzo.

Adelino hakupiga kelele. Alingoja watu wapungue akaja mbele yangu. Nilidhani atanipiga, na nisingejikinga. Akauliza, "Yu mzima?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, "Una hakika?" Nikasema, mdogo wangu anamwona kwa macho yake. Alianza kulifungua lile fundo la kitambaa kwa mkono mmoja, likamshinda. Mke wake wa huku ndiye aliyekuja kumfungulia. Yeye ndiye aliyenitazama kwa namna ambayo sitaisahau.

Simwombi Bibia msamaha kwa barua. Nikipewa likizo nitakuja nimwombe mlangoni kwake, akinifungulia.

Dada yako, kama bado,
Firmina


Ribeira Brava, 14 Novemba 1993

Dada Firmina,

Salamu kutoka kwangu na kwa Mama. Mama magoti yametulia kidogo kwa kuwa mvua imenyesha siku mbili, na majani yameota hadi juu ya paa la ghala.

Nilimwambia Bibia yote, nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Nilipofika kwenye misa alinikatiza. "Padri alitaja jina langu kwa sauti?" Nikasema dada anasema hivyo. Akauliza, "Watu wengi walikuwepo?" Wengi, nikamwambia. Akasema, "Basi nikifa kweli msinisomee nyingine. Nilishalipiwa." Sikujua nicheke au nilie. Yeye hakufanya hata kimoja.

Wiki iliyopita ilimjia barua ya Adelino. Alishuka nayo hadi kituoni, imefungwa bado, akaniambia, "Nisomee salamu tu. Zaidi ya hapo usisome." Nikaifungua. Nikasoma: "Bibia, natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya." Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akanyoosha mkono, akaichukua, akaitia kifuani. Kilichoandikwa chini yake sikijui, naye hajanirudishia.

Jumatatu kulipopambazuka nilimkuta mlangoni na mtoto mgongoni. Alimtua kwenye vyuma mwenyewe. Miguu imekaza sana, dada, tumeanza chini ya pale tulipoanzia mara ya kwanza, na Ivanilda alilia hadi adhuhuri. Nesi hasemi kama zile hatua nne zitarudi. Kiti cha magurudumu Bibia alikitazama, akakizunguka, akauliza kama kinaweza kupanda mlima wa Cachaço. Nikamwambia ukweli kwamba hakiwezi. Akasema, "Basi wape wa bondeni," akambeba mwanawe.

Alipokuwa akiondoka nilimwambia unataka kuja mlangoni kwake. Alimkaza mwanawe mgongoni. Akasema, "Aje. Nitamfungulia. Lakini kukaa, atakaa nje."

Mimi mwenyewe sijui nitakukalisha wapi. Njoo tu, tutajua hapo.

Mdogo wako,
Otília